Waya Mmoja Chini ya Pazia

Tangu nistaafu, simu yangu haina raha. "Bi Zuhura, mteja ataka piano ya jukwaani, nimpe ipi?" "Bi Zuhura, hedifoni hizi zafaa kupimia?" Nimechoka kumjibu mmoja mmoja, na wali wangu umeshika ukoko mara mbili kwa sababu yenu. Basi leo nimekaa barazani hapa Mtongwe, nimewaandikia nyote mliobaki dukani kwa mpigo. Someni, kisha mniache nipike.

Habari za vyeo nazipita. Dukani kwetu vyeo vilikuwa viwili tu: mwenye duka na sisi wengine. Nataka kuwaambia habari za masikio, na hasa habari za Saumu, kwa sababu ndiye aliyetufanya tubadilishe namna ya kupima vinanda. Mnaitumia namna hiyo kila siku na hamjui ilitoka wapi.

Nilifika dukani Changamwe, upande ule wa kwenda Port Reitz, kujibu simu na kuandika risiti. Nilivaa viatu vya kisigino na nikakaa wima kama ninapigwa picha. Simu haikulia asubuhi nzima. Kwenye benchi la nyuma alikuwa Mzee Faraji, fundi wa vinanda, mtu mwembamba wa Kisauni mwenye kofia ya mkono na kovu jeupe mgongoni mwa mkono wa kulia. Kovu lile alilipata kwa kichomeo alichokuwa akiungia nyaya. Lilikuwa na umbo la mwezi mwandamo, na alilionea fahari kidogo.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Simu yalia?"

"Hailii."

"Basi ndoo, sogea hapa. Masikio yako hayana kazi, nami n'na kazi nayo."

Alinivisha hedifoni nyeusi, nzito, zenye waya uliojisokota. Kisha akabonyeza vibonye vyote vya kinanda kilichokuwa mbele yake, kimoja kimoja kwa kidole kimoja, kutoka kushoto hadi kulia, bila haraka. Alipomaliza akaniuliza vigonjwa ni vingapi. Nikamwambia vitatu.

"Viwili," akasema.

"Vitatu, Mzee. Kile cha juu kabisa chakwaruza, kama mtu akuna sahani."

Akazivaa mwenyewe, akakibonyeza mara tatu, nne. Alichukua bisibisi, akakifungua kinanda, na chini ya kibonye kile akatoa punje ya pilau iliyokauka, ukumbusho wa harusi ya watu. Aliishika kiganjani, akaitazama muda mrefu.

"Tangu lini huyu simsikii?" akauliza. Hakuwa akiniuliza mimi. Kesho yake simu ilipata mtu mwingine wa kuijibu, nami nikaja na kandambili.

Hedifoni zile aliziita Hakimu. Mito yake ya masikioni ilikwisha kuchanika, na mkewe akaivalisha kipande cha kanga. Sheria ya Mzee Faraji ilikuwa moja: kinanda hakiingii dukani wala hakitoki bila Hakimu kukisikiliza. Alisema spika hupamba. Spika ya duka huweza kumtia wanja hata aliyekesha akilia, ila hedifoni humwona alivyoamka. Ndani ya Hakimu utasikia mvumo wa umeme, utasikia kibonye kinachokohoa, utasikia sauti ya piano ikififia vizuri au ikikatika ghafla kama mtu aliyefungiwa mlango.

Sasa niwajibu la hedifoni, maana ndilo mnaloniulizia sana. Chukueni za kufunika sikio lote. Sisi ndege zilitufundisha hilo, kwa kuwa zilipita juu ya bati letu zikienda kutua, na katikati ya kupima noti laini unajikuta unapima ndege. Zile zinazopiga ngoma ndani ya fuvu waachieni wanaotembea nazo barabarani, kwa sababu zitawafanya mpende kinanda chenye sauti nene, na mteja akifika nyumbani atashangaa ameuziwa nini. Za bila waya msizitumie kabisa kupimia. Unabonyeza sasa, sauti yaja baadaye, kama salamu ya mtu aliyenuna.

Na mteja akianza kuhesabu taa na kuuliza kina sauti mia ngapi, mwacheni amalize, kisha mwulizeni maswali mawili: utapigia wapi, na nani atakibeba? Nimewauzia watu vinanda vya vibonye themanini na vinane, vizito kama kabati, halafu nikasikia vimekaa sebuleni vimefunikwa kitambaa na kuwekewa maua ya plastiki.

Swali la kwanza kati ya hayo, la utapigia wapi, sikuwa nalo kabla ya Saumu. Nilidhani Hakimu amelijibu.

Saumu alikuja mwaka wangu wa saba. Alikuwa Mdigo wa Likoni, mpole, mwenye vidole virefu ambavyo alivificha ndani ya buibui kama mtu aliyeviiba. Kikundi cha taarabu cha akina mama wa kwao kilikuwa kimempoteza mpiga kinanda, ameolewa Tanga. Wanawake wanaopiga kinanda kwa kiwango hicho hawapatikani kwa urahisi, na mwanamume haingii kwenye shughuli ya kupamba, siku ambayo wanawake huvua mabuibui, bi harusi akaonyeshwa, na hata simu huachwa mlangoni. Kiongozi wao, Bi Rehema, akamtoa Saumu kwenye waitikiaji na kumkubali kwa majaribio, na kikundi kikamtuma kwetu kuchagua piano mpya ya jukwaani.

Alichagua kwa Hakimu, kama sheria ilivyotaka. Ilikuwa piano nzuri, wallahi. Ndani ya hedifoni noti za chini zilikaa kushoto, za juu kulia, na wewe ukajiona umeketi katikati ya ukumbi mkubwa wenye marumaru. Saumu alifumba macho, akatabasamu peke yake. Nami nikamwambia, kwa kinywa changu hiki, "Chukua. Hiki hakitakuangusha."

Shughuli yake ya kwanza ilikuwa Mtopanga, na Bi Rehema akanialika. Mlangoni palitundikwa shuka mbili kubwa. Ndani sisi, na nje ya ukumbi, kwenye ujia, akakaa Maina, kijana wa bara aliyekuwa fundi mitambo, na meza yake ya kuchanganyia sauti. Kutoka kwa Maina waya mmoja ulipita chini ya shuka ukaja kuchomekwa kwenye kinanda. Nilikuwa nimeziona nyaya za namna hiyo maisha yangu yote, kwenye kila shughuli, na sikuwahi kuzifikiria.

Wimbo ulianza kwa kinanda peke yake. Saumu akaweka mikono, akapiga, na hapakuja kitu. Nisiwadanganye, kitu kilikuja, lakini kilikuwa kama mtu anapiga piano ndani ya ndoo, nyumba ya jirani. Noti za katikati, zile zenye wimbo wenyewe, zilikuwa zimeyeyuka. Mmoja akapiga kelele, "Maina, ongeza kinanda!" Maina akainua sauti yote kwa jumla, na maikrofoni zikapiga yowe mpaka bi harusi akaziba masikio. Fidla ikaingia haraka kumfunika, ngoma zikafuata. Saumu aliendelea kubonyeza hadi mwisho wa wimbo, uso umemsawijika, jasho lamtiririka.

Kwenye kupamba, mwanamke akiguswa huinuka akacheza hadi kwa mpigaji na kumtuza, noti ya pesa akamchomeka kichwani. Mpiga fidla alituzwa. Mwimbaji alituzwa mpaka akafanana na mti wa maua. Kwa Saumu hakwenda mtu, na wala sikumlaumu yeyote, kwani atamtuzia nini?

Bi Rehema alimwita pembeni, nami nikiwa pale pale. "Mwanangu, miye sikusikia kitu. Nilikuona tu weye wabonyeza. Jumamosi ya tatu kutoka leo tuna shughuli Likoni, kwetu, mbele ya watu wetu. Kinanda kisiposikika, n'taweka muziki wa kurekodiwa kwenye flashi tuimbe juu yake, na weye utarudi kwenye kuitikia. Sitaki kukuvunja moyo, lakini sitaki kuvunjiwa jina."

Niliona aibu, tena aibu ya kazi, ambayo hukaa tumboni na haitoki kwa chai.

Jumatatu Saumu alishuka kwenye tuktuk na kinanda chake. Nilijiandaa kutukanwa, na ningetukanwa ningepata nafuu. Alisema tu: "Bi Zuhura, nilijifunza miaka minne na hedifoni masikioni, babangu mgonjwa chumba cha pili. Hakuna aliyewahi kunisikia. Siku ya kwanza ya kusikiwa, nikawa siko."

Mzee Faraji alichomeka Hakimu, akasikiliza kibonye baada ya kibonye. "Kinanda kizima hiki," akasema, amekasirika kwa niaba ya kinanda. "Chalia kama asali. Mbovu ni huyo fundi mitambo."

"Mzee," nikamwambia, "wewe umewahi kukisikia kinanda chetu kimoja kikipigwa kwenye kupamba?"

"Mimi? Nikaingie wapi?"

Hapo tukatazamana. Mtu alikuwa ameviuza na kuvitengeneza vinanda vya vikundi vya wanawake maisha yake yote, akaapa kwa Hakimu kwamba vizima, na hajawahi hata siku moja kukaa pale vinapopigwa. Wateja wake walikuwa wakirudi kulalamika, naye akiwapima kwa hedifoni na kuwaambia hakuna kasoro. Akavua kofia, akajikuna kichwa, akaivaa tena.

Nikampigia Maina simu. Naye alikuwa na lake.

"Mathe, mimi huleta waya moja ya kinanda, zingine zote ni za maiki. Na mnaniweka nje kama mwizi! Nitaona aje kama hiyo kitu iko na mashimo mbili?"

Alikuwa na haki. Kinanda kile kina matundu mawili, la kushoto na la kulia, na ukichomeka waya mmoja, chenyewe hukusanya pande zote mbili na kuzipitisha humo humo. Nikawasha kichomeo. Nilitengeneza kipande cha waya kinachozichukua pande mbili, kuzifanya moja, na kuipeleka sauti hiyo moja kwenye masikio yote mawili. Ndicho kile chenye utepe mwekundu mnachokiita "waya wa Bi Zuhura" na kukipoteza kila wiki. Nikakiweka kati ya kinanda na Hakimu, nikamwambia Saumu apige.

Ukumbi wa marumaru ukatoweka. Ikabaki ndoo, nyumba ya jirani. Ilikuwa Mtopanga tupu, ndani ya masikio yangu! Nilipiga kelele mpaka mwenye duka akatoka ofisini. Mzee Faraji akazivaa, na nilimwona uso unavyobadilika.

"Subhanallah," akasema polepole. "Pande mbili zapigana."

Ndivyo ilivyokuwa. Uzuri wote wa piano ile ulitokana na kushoto kuwa tofauti na kulia, na tofauti hiyo ukiikusanya pamoja, huku kunavuta na huku kunasukuma, sauti ya katikati ikafa. Mazoezini hawakugundua, maana walifanyia kwa Bi Rehema kwenye redio yake ya spika mbili. Kilichopendeza zaidi kwenye hedifoni ndicho kilichokufa zaidi ukumbini.

Tuliyabadilisha mambo dukani, na mazungumzo yetu na mwenye duka kuhusu kukirudisha kile kinanda nayapita pia, waliokuwepo wanayajua. Tukaanza upya. Cha kwanza, kikubwa, cheusi, kinang'aa, kilikufa kwenye waya wangu kabla Saumu hajamaliza mstari. Cha pili kiliishi, ila vibonye vyake vilikuwa vizito, na mapambo ya haraka ya taarabu yakawa kama mtu anapanda ngazi na gunia. Kisha kikabaki kimoja chini ya meza, cha kijivu, kona moja imekwaruzika, hakina taa yoyote ya kujionyesha. Wateja walikiwekea vikombe vya chai.

Kilikuwa na sauti moja ya piano, ya sita kwenye orodha, ambayo hakuna aliyewahi kuichagua. Ilirekodiwa upande mmoja tu. Kwenye Hakimu ilikuja bapa, imekaa katikati ya paji la uso, haina kushoto wala kulia. Nikatia waya wangu. Haikubadilika hata chembe. Nikautoa, nikautia tena. Ilikuwa ile ile.

Saumu alizivua hedifoni, macho yamemjaa machozi. "Sauti yenyewe mbaya, Bi Zuhura."

"Mbaya masikioni mwako. Lakini hutapigia masikio yako."

Nilijua ninachomwomba. Miaka minne alipendezwa na sauti iliyomzunguka peke yake kitandani, na sasa namwambia aiache achukue hii kavu, kwa neno la mtu yule yule aliyemwangusha. Mwisho akauliza jambo ambalo mpiga taarabu wa kweli tu angeuliza: kitaweza kushusha robo sauti? Nyimbo zao nyingi zinataka noti iliyo kati ya kibonye na kibonye, na kinanda kisichoweza kushuka hapo huimba kama mgeni.

Mzee Faraji, aliyekuwa akisema kila siku kwamba mambo ya menyu ni ya watu wa mahoteli, alivaa miwani yake, akaingia kwenye menyu za kile kijivu na hakutoka hadi adhuhuri. Alipoinua kichwa alikuwa akicheka. "Chashuka! Noti moja moja, upendavyo!"

"Basi n'takichukua," Saumu akasema. "Na sura yake Mungu atamsamehe aliyeitengeneza."

Kabla ya Likoni tulijaribu kama itakavyokuwa. Tulitundika kaniki kwenye mlango wa stoo, Maina nje na waya wake mmoja, Saumu ndani. Majirani walidhani tunafanya uganga. Na tangu siku hiyo hakuna kinanda kilichotoka dukani bila kupita kwa Hakimu mara mbili, na waya wangu na bila waya wangu.

Jumamosi ilifika. Ukumbi ulikuwa karibu na Shelly Beach, shughuli baada ya sala ya alasiri. Mzee Faraji, ambaye hakualikwa na hakuweza kualikwa, alitoka Kisauni, akavuka feri akiwa amembeba Hakimu ndani ya mfuko wa karatasi. Nilimwacha ujiani kwenye kiti cha plastiki, amemchomeka Hakimu kwenye meza ya Maina. "Nataka kusikia kinachopita," akasema, "nikose kuona, si neno."

Ndani kulikuwa na asumini na udi, na wanawake walewale wa Mtopanga wakiwa na ndugu zao zaidi. Niliwaona wawili wakikionyeshana kile kinanda cha kijivu, wakicheka nyuma ya viganja. Bi Rehema alikuwa na kile kijiti cha flashi mkononi. Sikutia hata tambuu kinywani.

Saumu akaanza wimbo ule ule, kinanda peke yake.

Sauti ilitoka nzima. Ilitoka kavu, safi, ikasimama katikati ya ukumbi, na kila noti ilifika kwenye kila kiti. Pale pa robo sauti aliposhuka, bibi mmoja mbele yangu akasema "Aaah!" kama aliyekunwa mahali alipokuwa hapafikii. Wale wawili wakaacha kucheka. Mpiga fidla aliinua upinde aingie, na Bi Rehema akamzuia kwa mkono: mwache, mwache apige! Akapiga, jamani. Miaka minne ya chumbani ilitoka siku ile mbele za watu. Vigelegele vikaanza nyuma vikaja mbele, nami nikapiga changu mpaka koo likanikauka, na sikumbuki siku niliyoipenda kazi yangu kuliko ile.

Bi Rehema akainuka mwenyewe. Kile kijiti cha flashi akakitia ndani ya mkoba wake, akaufunga zipu, akacheza taratibu hadi kwa Saumu, akamtuza wa kwanza. Wakafuata wengine, wakapanga foleni.

Nilikuwa nimekaa karibu na pazia. Nikaona shuka inatikisika chini, pale ulipopita waya. Mkono ukaingia, mkono tu, umelala sakafuni kwa adabu ili mwenyewe asione ndani. Ulishika noti iliyokunjwa mara nne, na mgongoni mwake palikuwa na kovu jeupe la umbo la mwezi mwandamo.

Niliichukua. Mkono ukarudi ulikotoka, nami nikainuka nikacheza hadi kwenye kinanda, nikamchomeka Saumu noti ile kwenye nywele, kando ya asumini.

"Ya nani?" akaniuliza, bila kuacha kupiga.

"Ya mtu aliyekusikia," nikamwambia.